Mzee akitunzwa nyumbani, tazama visigino kwanza

Ukiwa umeajiri mtu wa kumtunza mama au babu hapa Mombasa, chumba kinachonukia udi kisikupumbaze. Mwombe mhudumu amgeuze mzee mbele yako, kisha tazama visigino, nyonga na juu kidogo ya makalio. Hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia: alama nyekundu, au nyeusi kuliko ngozi yenyewe, isiyopauka ukiibonyeza kwa kidole. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa 2, usiku pia, na usiku ndipo uvivu hujificha.

Piga hodi bila taarifa, hasa saa ya dawa. Hesabu vidonge vilivyobaki ulinganishe na daftari ambamo mhudumu huandika dawa alizompa mzee. Ukikuta limeshajazwa mpaka zamu ya jioni na adhuhuri haijaadhiniwa, umeshapata jibu.

Msimu wa kaskazi, joto likipanda, angalia kama maji yako karibu na mkono wake. Mkojo wenye rangi ya strungi huenda ni dalili kuwa hanyweshwi vya kutosha.

Akijiita nesi, hakikisha leseni yake kwenye tovuti ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Kumlisha uji hakuhitaji leseni. Kumdunga sindano ni jambo jingine.