Handibreki ya kitufe: pedi za nyuma hazibadilishwi kwa nguvu

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu: tk. Kama ganda la karanga. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya Volkswagen Passat ya 2008, klempu mkononi, naisukuma pistoni ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, irudi ndani nipate nafasi ya pedi mpya. Kazi hiyo nilishaifanya mpaka naiota usingizini. Pistoni ikagoma. Nikakaza kidogo tena. Tk. Jioni ile nilikuwa mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, naulizia kalipa ya mtumba kwa hela ya mfukoni mwangu, maana mwenye gari alileta brekipedi zibadilishwe, hakuleta kalipa ivunjwe.

Siku hizi magari ya handibreki ya kitufe kama lile yanaingia gereji zetu za Dar kila wiki, na vijana bado wanayafungua kama wanafungua Corolla ya zamani. Nitaeleza ninavyofanya mimi, nikitumia Passat ile ile kama mfano kwa sababu ndiyo iliyonitoza ada.

Anza kwa kujua una gari la namna gani. Kama katikati ya viti kuna mkono wa kuvuta, kazi yako unaijua. Kama kuna kitufe chenye P ndani ya duara, handibreki inakazwa na umeme. Lakini hata hizo ziko za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Subaru Legacy na Outback za toleo lililotoka 2009 hadi 2014, kwa mfano, zina kitufe, ila mota yake imekaa chini ya gari na kazi yake ni kuvuta waya. Waya nao unavuta brekishuu zilizofichwa ndani ya kibakuli cha diski. Pedi za nyuma hazihusiani kabisa na mota hiyo. Unazibadilisha kama za gari lolote. Passat, Golf 7 na Tiguan ni habari nyingine: mota imefungwa mgongoni mwa kalipa. Chungulia nyuma ya tairi. Ukiona donge jeusi la plastiki kwenye kalipa, na waya umechomekwa, weka klempu chini kwanza.

Ndani ya pistoni ya kalipa hiyo kuna skrubu, na kwenye skrubu kuna nati. Ukibonyeza kitufe, mota inazungusha mkanda mdogo, mkanda unazungusha gia, gia inazungusha skrubu, nati inasogea mbele na kuisukuma pistoni kwa ndani mpaka pedi zibane diski. Kwenye Passat hii mota inazunguka mara 150 ndipo skrubu izunguke mara 1. Ndiyo maana kimota cha kushikwa kwa kiganja kinalizuia gari zima lisirudi nyuma kwenye mlima. Sasa geuza mambo: wewe unasukuma pistoni kutoka nje, pistoni inaegemea nati, nati inaegemea skrubu, na skrubu haizunguki kwa kusukumwa. Kitu kitakachokubali kwanza ni plastiki.

"Lakini nilikuwa nimeachia handibreki!" Hata mimi nilisema hivyo. Ukiachia kwa kitufe, nati inarudi nyuma kidogo sana, kiasi cha pedi kupumua tu. Pedi zikiwa zimekwisha, pistoni imeshatoka mbali na nati imeifuata huko huko. Lazima nati irudishwe mpaka mwisho wa safari yake, na amri hiyo haitoki kwenye kitufe. Inatoka kwenye kompyuta ya gari, kupitia mashine ya kupimia.

Kwa hiyo kabla ya spana, betri. Mota hizi zinakula umeme, na wewe utakuwa umewasha swichi bila injini kunguruma. Betri iliyochoka inaweza kuiacha nati katikati ya safari, ukabaki na gari lisilofunga wala kufungua. Mimi nafunga chaja kabisa. Kama huna, hakikisha betri ina nguvu, zima redio, taa na feni. Gari liwe sehemu tambarare, gia iwe P, matairi ya mbele yawekewe vigingi pande zote mbili. Usilipuuze hili la vigingi: ukishazirudisha nati, gari halina handibreki hata chembe. Zima pia ile breki inayolishikilia gari lenyewe kwenye foleni, kama lako linayo.

Fungua kopo la mafuta ya breki uangalie kimo. Kama limejaa mpaka alama ya juu, nyonya kidogo kwa bomba la sindano jipya, kwa sababu pistoni zikirudi ndani mafuta yatapanda na kumwagika, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Sisi tulishawahi kulipaka rangi pembeni ya boneti ya watu kwa uzembe huo.

Chomeka mashine ya kupimia kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Swichi iwe imewashwa, injini imezimwa, handibreki imeachiwa. Kwenye Passat ya umri huu, ukitumia VCDS, programu ya kupimia magari ya Volkswagen, unaingia moduli (kompyuta ndogo ya gari) ya 53, ambayo ndiyo ya handibreki, kisha mipangilio ya msingi, kundi la 007. Kundi la 007 linafungua. La 006 linafunga. La 010 linajaribu mfumo baada ya kazi. Golf 7 haina moduli ya 53 ya peke yake. Utaikuta handibreki ndani ya moduli ya 03, ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Mashine nyingine zinakuandikia tu kwa maneno kwamba unaingia hali ya kubadilisha pedi. Zipo gari zinazoingia hali hiyo kwa kukanyaga pedeli na kushika kitufe bila mashine, lakini kila kampuni na mwaka wake una mpangilio wake. Fuata kitabu cha gari lako, usifuate cha jirani.

Hapa natumia sikio kuliko skrini. Kijana wangu namlaza karibu na tairi la nyuma, mimi nabonyeza. Utasikia mota inalia ziiiii, mlio mrefu kuliko ule wa kila siku wa kuachia handibreki, halafu inakata.

"Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

"Pande zote mbili?"

Akisita, narudia. Zinatakiwa kulia mbili, ya kushoto na ya kulia. Siku moja skrini iliandika kazi imekamilika na upande wa kulia ulikuwa kimya. Soketi ya waya ilikuwa imeoza kutu ya kijani. Gari la mkaazi wa Kigamboni, linakula hewa ya chumvi usiku na mchana. Tungeliamini lile neno la kwenye skrini, tungevunja kalipa ya pili.

Wapo mafundi wanaochomoa soketi na kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Inazunguka, ndiyo, lakini kompyuta ya gari inapima umeme na inajua lini ikate. Wewe na waya zako mbili hamjui. Nati ikifika mwisho inajikaba, na ikishajikaba utaijutia. Kama mashine imegoma kabisa, afadhali ufungue mota mgongoni mwa kalipa na kuizungusha skrubu kwa mkono, taratibu, ukisimama mara tu inapoanza kukaza.

Mota zikishalia, zima swichi, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Namaanisha mfukoni mwako. Kuna mtu atakuja kufungua mlango achukue chaja ya simu, atagusa kitufe, na kidole chako kiko kati ya pistoni na pedi.

Kuanzia hapa ni kazi unayoijua. Legeza boliti za tairi, nyanyua kwa jeki, weka stendi, toa tairi. Kalipa inashikwa na boliti mbili kwa nyuma: unafungua kwa spana namba 13 huku umeishika pini yake kwa spana nyembamba isizunguke. Ning'iniza kalipa kwa waya kwenye springi. Isibebwe na hosi ya breki, wala na waya wa mota. Kama waya wa mota ni mfupi unavutika, uchomoe, swichi ikiwa tayari imezimwa.

Sasa ndiyo unasukuma pistoni. Na hapa mafundi wa zamani tunakosea kwa namna yetu. Mzee aliyenifundisha alikuwa na kifaa cha meno mawili cha kuzungushia pistoni za nyuma, kwa sababu kalipa za handibreki ya waya pistoni yake inarudi kwa kuzungushwa. Hii haizungushwi. Inasukumwa moja kwa moja, polepole, kwa klempu, na kama nati imerudi kweli utashangaa inavyokwenda laini. Ikikataa, acha. Rudi kwenye kompyuta. Hakuna zawadi ya kukaza zaidi.

Angalia mpira wa vumbi unaozunguka pistoni. Ukichanika, vumbi na maji vitaingia. Chomoa pini mbili za kalipa, zifute, zipake grisi ya breki. Pwani hii pini zinashika kutu kuliko kitu kingine chochote, na pini ikishika, pedi moja inakwisha yote na mwenzake bado ina nyama. Ukifungua ukakuta pedi zimelika kwa tofauti kubwa namna hiyo, usilaumu pedi. Sehemu pedi zinapokaa, sugua kwa brashi ya waya. Vumbi usilipulize kwa upepo wa kompresa. Mwagia dawa ya kusafishia breki, na uvae barakoa. Diski nayo ipime: unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe.

Pedi za Passat kikomo chake ni milimita 2 za nyama, bila kuhesabu bati. Usisubiri taa ya dashibodi ikuambie. Passat ninazofungua mimi zina waya wa kihisi kwenye pedi za mbele tu. Za nyuma zinakwisha kimyakimya mpaka chuma kilie kwenye chuma. Pedi mpya zikiwa na karatasi mgongoni inayobanduka, ibandue. Na boliti mpya za kalipa zilizomo ndani ya boksi hazikuwekwa kwa urembo: zina gundi kwenye uzi, zitumie, ukaze kwa Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Za tairi ni Nm 120.

Pedi zikishakaa pande zote, kalipa zimefungwa, pampu pedeli ya breki polepole mpaka iwe ngumu. Ukipampu, mafuta yanazileta pistoni mbele zikutane na pedi. Ndipo unarudi kwenye mashine, kundi la 006, na nati zinazifuata pistoni. Sikiliza tena, milio miwili. Kisha 010: handibreki itajifunga na kujifungua yenyewe mara kadhaa, ikijipima upya. Usikanyage chochote wakati huo. Soma kodi za makosa, yaani namba za hitilafu kwenye mashine, zifute, soma tena. Zikirudi zile zile, hujamaliza. Rekebisha kimo cha mafuta kwenye kopo, na kama hayajabadilishwa kwa miaka 2, mwambie mwenye gari kwamba yamekwisha muda wake, kwa sababu mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na unyevu tunao wa kugawa.

Kabla ya barabara kuu, jaribu kwenye uwanja wa gereji: tembea taratibu, kanyaga, simama. Halafu tafuta mteremko wa wastani. Bonyeza kitufe, weka N, ondoa mguu kwenye breki, hesabu kumi. Geuza gari, fanya hivyo ukiwa umeelekea juu. Mama mwenye ile Passat alikuwa anapanda pantoni kila siku, na mteremko wa kupandia pantoni maji yakipwa si mahali pa kugundua kwamba upande mmoja haukubana.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Mara nane au kumi hivi, ukiwa kwenye 60, punguza mpaka 20 bila kusimama kabisa, uachie zipoe kidogo kabla ya kurudia. Ukirudi, usivute handibreki diski zikiwa moto. Weka P na kigingi. Shuka, pitisha kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Joto lifanane kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa unachoma na mwingine vuguvugu, usimpigie mwenye gari simu bado. Nyanyua tena, na anza na zile pini za kalipa.