Mlinzi si polisi: jinsi ya kusajili chama chenu cha wafanyakazi

Mtaani Dar mlinzi wa kampuni huitwa "askari", na jina hilo ndilo linaloponza watu. Nimekutana na walinzi Kariakoo na Masaki wanaoamini kwamba ukishavaa sare, chama cha wafanyakazi hakikuhusu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imewaacha nje watumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Polisi anazuiwa pia na ibara ya 147 ya Katiba kujiunga na chama cha siasa. Lakini wewe unayelinda geti la ghala ni mfanyakazi kama karani wa ndani.

Anzeni na mkutano wa kuanzisha chama. Sheria inataka wafanyakazi wasiopungua 20, na kwa walinzi hapo ndipo penye kazi, maana nusu yenu mko lindo muda wote. Iteni watu 35, Jumapili asubuhi, zamu ya usiku ikishatoka. Kila aliyefika asaini daftari la mahudhurio kwa mkono wake. Niliwahi kuona daftari lenye majina matano kwa mwandiko mmoja: "Wako lindo, nimewasainia." Mkutano ulirudiwa wote, na chai ikanunuliwa upya.

Hapohapo pitisheni katiba ya chama. Msichukue ya wenzenu mkabadili jina tu. Na jina lenyewe lisifanane na la chama kilichokwisha kusajiliwa. Katiba iseme nani anastahili uanachama, ada ni kiasi gani, akidi (idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali), uchaguzi, hesabu, kwamba chama si cha kutafuta faida, na kwamba mgomo hauitishwi bila kura ya wanachama.

Kisha katibu anajaza fomu ya maombi na kuisaini, anaambatanisha nakala zilizothibitishwa za mahudhurio, muhtasari wa mkutano na katiba, na kupeleka kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Mna miezi 6 tangu siku ya mkutano. Msipokubaliana na uamuzi wake, rufaa inakwenda Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu.

Fomu za kukatwa ada kwenye mshahara zisubiri cheti cha usajili. Kikitoka, kila mwanachama anajaza yake, na mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.