SOMO: Kuondoa kompyuta kuukuu kwenye ofisi ya umma (Kenya) bila kuandikiwa barua na mkaguzi

Wiki hii nimepigiwa simu tatu, swali lile lile: "Stoo imejaa kompyuta mbovu, tuzitupe wapi?" Hazitupwi. Naandika mara hii moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hili ni somo la shule za serikali, zahanati na ofisi za kaunti. Kama ni laptopu yako ya nyumbani, hatua ya 4 (habari ya kufuta tu) na ya 5 zinakutosha.

1. Hesabu kila kitu. Linganisha na daftari la mali: tagi, nambari ya kiwandani, chumba.

2. Tenga kinachofufuka. Kompyuta inayokwenda polepole mara nyingi ni diski tu imechoka.

3. Peleka orodha kwa kamati ya uondoaji mali. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 165, inatoa njia tano: kuhamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni, mnada, kubadilishana na kifaa kipya, au kuondoa kama taka kwa utaratibu. Kujigawia wafanyakazi kumebanwa na kifungu cha 166, kwa hiyo ile "hii nitamchukulia mtoto asomee" iache.

4. Diski. Hapa ndipo nilipoungua. Tulikuwa na mashine 14 zinazosubiri mnada. Zilikuwa na majina ya wagonjwa, nami nikaona nisilale na dhambi hiyo. Ijumaa jioni nikashika bisibisi, nikatoa diski zote, nikazitoboa kwa drili na kuzitia kwenye gunia la unga. Nikaenda nyumbani najiona mwerevu. Baada ya miezi mitano mkaguzi akafungua kasha la kwanza: tupu. La pili: tupu. Mthamini alikuwa ameandika "kompyuta kamili". Azimio la kamati hakuna, sahihi hakuna, na gunia lenyewe mfagiaji alikwishalitoa na taka. Ikaandikwa kwamba diski 14 hazijulikani zilipo. Nimeandika barua za kujieleza tatu, na ya tatu ndiyo iliyokubaliwa.

Kwa hiyo karatasi kwanza, bisibisi baadaye. Kamati iazimie kwa maandishi kwamba diski zitolewe. Andika nambari ya DISKI (imo kwenye stika yake yenyewe), si ya kompyuta peke yake. Mashahidi wawili watie sahihi siku hiyo hiyo, si Jumatatu.

Halafu kufuta. Ile "format" ya haraka ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima. Diski ya kuzunguka iandikwe juu yote, mwanzo hadi mwisho. SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ina tabia nyingine: huhamisha data ndani kwa ndani na ina akiba usiyoifikia, kwa hiyo tumia amri ya kufuta ya mtengenezaji, au ponda kila chipu. Tundu moja la drili laweza kupita katikati ya chipu mbili bila kugusa hata moja. Na USISAHAU mashine kubwa za fotokopi. Nyingi zina diski ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitauliza kama ulijua.

5. Kabidhi kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Msafirishaji awe nayo, na kiwanda cha kuchakata taka kiwe na yake. Soma tarehe ya mwisho. Gari litoke na hati ya kufuatilia taka, nawe ubaki na nakala.

6. Funga daftari la mali, ambatisha vyeti.

MASWALI

mzee_wa_stoo: Sijasoma yote, naomba tu kujua kilo ya kompyuta ni pesa ngapi?

Jibu: Hatua ya 3.

kisauni_boy: Kwa hiyo nikishatoboa diski nimemaliza?

Jibu: Hatua ya 4 tena, tangu mwanzo. Kuna gunia humo.

bisibisi_kubwa: Urasimu mtupu. Skrepa wa mtaani anachukua leo na analipa leo. Na wewe mwenyewe ulivurunda, sasa unatufundisha nini?

Jibu: Nafundisha nilipovurunda, ndiyo maana nimeandika. Skrepa analipa, sawa. Nyaya atazichoma apate shaba, na moshi utavutwa na watoto wa jirani. Skrini za kichogo kioo chake kina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, atakimwaga wapi? Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewabebesha wazalishaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zikishakufa, ili mzigo usibaki kwako. Ukitaka njia ya mkato ifuate, ila jina langu usilitaje.

mwalimu_wa_maabara: Shikamoo. Tuna mashine 20, hazikubali Windows 11. Ni taka?

Jibu: Marahaba mwalimu. Hata kidogo. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini chuma hakikufa siku hiyo. Jaribu moja kwanza: SSD ndogo, RAM (kumbukumbu ya kazi) ifike GB 8, na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Wanafunzi wataandika na kuingia intaneti bila shida. Na uzime usiku. Tuseme kila moja inakula wati 60 ikikaa bure: mara 20, mara saa 14, ni yuniti 16.8 kila usiku kwa maabara isiyo na mtu.

mwalimu_wa_maabara: Ahsante. Hivi hii ya kompyuta kulala yenyewe ilianzia wapi?

Jibu: Swali tamu. 1992 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilianzisha alama ya Energy Star kwa vifaa visivyopoteza umeme, na kompyuta na skrini ndizo zilizotangulia: ili zipate alama, zilitakiwa kulala zenyewe zikikaa bure. Alama ilikuwa ya hiari. Mwaka uliofuata Rais Clinton akaamuru ofisi za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Hakuna kiwanda kinachotaka kumpoteza mnunuzi mkubwa kama huyo. Kwa hiyo mwalimu, ukiandika mahitaji ya zabuni ijayo, usiishie kwenye RAM na bei.

tanga_raha: Huku kwetu je, mkuu?

Jibu: Huko Tanzania ni NEMC, baraza la mazingira, na kuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za 2021. Vifungu nilivyotaja ni vya Kenya, usivinakili kwenye barua yako.

dada_wa_hazina: Laptopu moja imevimba chini, haikai sawa mezani. Niipeleke na zingine?

Jibu: Hapana dada, usiichanganye. Betri imejaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze, usiichokoe. Iweke peke yake kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na makaratasi, na umwambie msafirishaji kabla hajafika.

dada_wa_hazina: Ipo juu ya mafaili.

Jibu: Iondoe sasa, tutaongea baadaye.