Kuzuia vifo vya uzazi kwa kusimamia haki ya mama: mwongozo kwa kamati za zahanati mkoani Kigoma

Mama anapofariki kwa uzazi, msibani huulizwa kwa nini alichelewa kwenda hospitali. Kamati ya zahanati inayotaka kuzuia kifo kingine iulize jambo jingine: nani alikuwa na wajibu gani kwa mama huyu, na wajibu huo ulikwama wapi? Mwaka 2009 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba vifo na maradhi ya uzazi yanayozuilika ni suala la haki za binadamu, na Tanzania ilikuwa imekwisha kuridhia Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo katika ibara ya 14 inazitaka nchi kuwapatia wanawake, hasa wa vijijini, huduma za afya za kutosha, zenye gharama nafuu na zinazofikika.

Anzeni na usafiri. Kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, orodhesheni wajawazito wa kila kitongoji, na mbele ya kila jina andikeni atasafirishwa na nani uchungu ukimshika saa nane usiku. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Kagunga upande wa kaskazini au Kalya kule kusini mwa Uvinza, jibu mara nyingi ni boti. Kwa hiyo ijulikane mapema boti ni ya nani, nahodha ni nani, dumu la petroli linatunzwa wapi na kitafanyika nini ziwa likichafuka. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, hupigwa bila malipo, na wahudumu wake hupanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Hakikisheni kijiji chenu kina dereva au mwenye boti aliyesajiliwa na m-mama, na kama hakina, iandikieni halmashauri, kwa sababu mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi.

Kisha ingieni zahanati. Sera ya nchi ni kwamba huduma za wajawazito katika vituo vya serikali hazilipiwi, lakini akina mama wengi bado huagizwa kuja na glovu, nyuzi na wembe. Msianze kwa kumgombeza muuguzi, ambaye pengine yuko peke yake zamu nzima na naye ana haki zake za kazi. Mwombeni mganga mfawidhi awaonyeshe leja: oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, iliisha lini, iliagizwa lini, ikaletwa kiasi gani. Tazameni na jokofu pia. Dawa hiyo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, hivyo chupa zilizopangwa rafuni wakati jokofu limekufa zisihesabiwe kuwa akiba. Upungufu ulioandikwa kwa tarehe ni hoja ambayo Mganga Mkuu wa Halmashauri hawezi kuipuuza kwa urahisi. Penye kudaiwa rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113.

Jambo linalohitaji ujasiri zaidi ni faini. Vipo vijiji vinavyomtoza fedha mama aliyejifungulia nyumbani, na nia yake haina ubaya. Matokeo yake ni kwamba mama asiye na fedha huogopa kumpeleka mtoto kliniki, na anayetokwa damu hufichwa ndani. Pendekezeni katika mkutano mkuu wa kijiji faini hiyo ifutwe, na juhudi ielekezwe kwenye nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, karibu na kituo chenye upasuaji. Vivyo hivyo, msikubali mjamzito arudishwe kliniki kwa kuwa hakuja na mume wala barua ya mtendaji. Kumshirikisha mwenzi ni jambo la kuhimizwa, lisigeuzwe kuwa sharti la kupimwa. Na mama mwenye akili timamu aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, Kiha kikihitajika, kisha aamue mwenyewe kuhusu upasuaji bila kungoja shemeji afike.

Kifo kikitokea, kinapaswa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kufanyiwa mapitio. Kamati haina haja ya kuona siri za mgonjwa; idai mapendekezo, jina la cheo kilichopewa kila pendekezo na tarehe ya utekelezaji. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliihesabu Brazil kuwa inawajibika kwa kifo cha mjamzito Alyne da Silva Pimentel, ingawa alianza kutibiwa katika kituo binafsi: serikali haiondokewi na wajibu kwa kuukabidhi kwa mwingine. Wafuatilieni pia walionusurika. Mwanamke anayevuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula, ambayo hutibika kwa upasuaji, na asiachwe ajifiche.

Kila madai yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao, nakala apewe diwani, na barua itaje siku ya mwisho ya kujibiwa. Siku hiyo ikipita kimya, kumbusheni halmashauri kwa maandishi, kisha pelekeni malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora mkiambatisha nakala za barua zote mbili.