Umenunua gari la kale lililokarabatiwa Uingereza? Anza na namba ya injini

Watu wa rika la baba yangu hawaachi kuitaja Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za Safari, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena. Baba alikesha kando ya barabara kuisubiri ipite, akarudi nyumbani mwekundu kwa vumbi. Kwa hiyo nilipoona hapa London tangazo la moja ya mwaka 1972, imekarabatiwa toka chini hadi juu, nilitazama rangi, nikasikiliza injini, nikalipa. Makaratasi sikuyasoma. Yalinigharimu miezi mitatu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Hatua za mwanzo ni nyepesi. Muuzaji anaiarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, mtandaoni kwamba gari limehama, anakuachia kipande cha kijani cha V5C, yaani kadi ya usajili wa gari, na kadi mpya inakujia kwa jina lako baada ya siku chache. Akiarifu kwa posta, inaweza kufika wiki 4. Kodi ya gari haihami pamoja na gari tangu Oktoba 2014, basi lipa mwenyewe kwa namba iliyo kwenye kile kipande cha kijani kabla hujaliingiza barabarani. Dai pia risiti ya mauziano yenye sahihi na namba ya chasisi. V5C inamtaja mtu aliyesajiliwa kulitunza gari, haithibitishi kwamba ni mali yake.

Sasa njoo kwenye injini, na hapa usiwe na haraka.

240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24, silinda sita, cc 2,393. Magari haya yana zaidi ya miaka hamsini, na mafundi wengi wanapoyafufua huweka L28 ya cc 2,753 kutoka kwa ndugu yake wa baadaye, 280Z. Ni injini nzuri na inakaa pale pale bila shida. Shida ni kwamba aliyeibadilisha mara nyingi hakumwambia mtu. Kadi yangu ilisema cc 2,393 na namba inayoanza na L24. Nilipofungua boneti nyumbani na kupangusa grisi upande wa kulia wa bloku, nikasoma L28. Nilikuwa nimesajiliwa kwa injini ambayo haimo ndani ya gari.

Fanya hivyo kabla ya kulipa. Beba tochi na kitambaa. Soma namba ya injini, kisha namba ya chasisi, ambayo kwa 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Linganisha na kadi herufi kwa herufi. Chasisi isipolingana, ondoka. Injini isipolingana bado unaweza kununua, lakini mwambie muuzaji akupe ushahidi papo hapo, maana ukishalipa hana haraka tena ya kupokea simu zako.

Ushahidi unaokubaliwa ni mmoja kati ya hivi: risiti ya injini iliyowekwa, maandishi kutoka kwa mtengenezaji, ripoti ya ukaguzi uliofanywa kwa ajili ya bima, au, kama injini ilibadilishwa kabla hujanunua gari, barua ya karakana iliyoandikwa kwenye karatasi yenye kichwa chao rasmi. Mimi nilimwendea fundi aliyelifufua gari, akaniandikia barua nzuri yenye kila kitu, kwenye karatasi tupu. Nikaituma Swansea, makao ya DVLA, pamoja na kadi. Ikarudi, na kwa haki, kwa sababu masharti yalikuwa wazi nami sikuyasoma hadi mwisho. Nilianza upya, kwa barua ile ile, safari hii ikiwa na jina na anwani ya karakana juu. Weka nakala ya kila kitu kabla ya kutuma, kwa kuwa kadi ikiwa njiani huna nyingine ya kuonyesha.

Kadi iliyosahihishwa ikifika, ndipo uombe daraja la kodi la gari la kihistoria. Gari lenye zaidi ya miaka 40 linastahili, lakini halibadilishwi lenyewe: ni lazima uombe. Nenda posta inayoshughulikia kodi za magari ukiwa na V5C yenye jina lako, na cheti cha MOT (ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari) au fomu V112 ya kutangaza kwamba gari limesamehewa ukaguzi. Hutalipa kodi tena, ila kila mwaka bado unalazimika kuliandikisha kama gari lenye kodi, hata kama kiasi ni sifuri.

Kuhusu V112, isome kabla ya kuweka sahihi. Msamaha wa MOT ni wa gari ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30. Injini ya aina ile ile yenye cc tofauti haihesabiwi kuwa badiliko kubwa, kwa hiyo L28 haikunizuia. Hata hivyo mimi nalipeleka MOT kila mwaka. Ada yake haizidi pauni 54.85, na gari lililopakwa rangi mpya linaweza kuficha kutu kwenye fremu ambayo jicho langu halitaiona.

Anayeishi London ana sababu nyingine ya kutochelewa. Tangu Agosti 29, 2023 ULEZ, eneo la kutoza magari yanayochafua hewa, imeenea mitaa yote ya jiji, na gari lisilokidhi viwango hulipa pauni 12.50 kila siku linapoendeshwa. Magari ya daraja la kihistoria yamesamehewa, lakini hadi kadi ibadilike, unalipa. Katika miezi yangu mitatu nilitoka nalo mara chache sana, na kila mara nililipa. Baada ya posta kubadilisha daraja, ingiza namba ya usajili kwenye ukurasa wa kukagua magari wa TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kabla ya safari ya kwanza. Ukiona bado inadai malipo, liache limeegeshwa na uwasiliane nao kwanza.