Mzee ana kansa na hana ndugu: jinsi ya kumtunza asiteseke

Watu wengi wakisikia mgonjwa wa kansa karudishwa nyumbani wanajua basi, madaktari wameshakata tamaa, kilichobaki ni kusubiri tu. Sio kweli jamani. Tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ni tiba kamili na inatakiwa ianze mapema hata kama bado anapigwa mionzi au anapata kemo (dawa kali za kuua kansa). Ila kwa mzee asiye na ndugu kuna shida moja inazidi zote: dawa anaweza akapewa, wa kumpa saa nane usiku hayupo. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia jirani yako au mzee unayesali naye, anza kupanga watu na masaa.

Kabla ya yote kaa na mzee mwenyewe umuulize anataka nini. Wengi wetu tunaruka hapa, tunampangia kama mtoto, tunaanza hadi kuwatafuta ndugu ambao yeye ana sababu zake za kutowataka, na hilo usilifanye bila ruhusa yake. Muulize anaogopa nini zaidi, angependa augulie wapi, nani amsemee siku akishindwa kuongea. Huyo wa kumsemea aandikwe jina mapema mzee akiwa bado na akili timamu, na karatasi iingie kwenye faili lake hospitali, mwambieni ofisa ustawi wa jamii wa pale awaelekeze sheria ya kwenu inataka fomu gani. Andikeni pia kiongozi wake wa dini, mambo ya mazishi, na funguo za nyumba zipo kwa nani. Hela zake zishikwe na watu wawili na kila matumizi yawe na risiti, maana mzee mgonjwa asiye na mtu huibiwa kirahisi sana, na hata msaidizi mwema anaweza kusingiziwa.

Halafu zamu. Watu wanne au watano wanaokuja kweli ni bora kuliko grupu la WhatsApp la watu hamsini wanaoandika pole. Kila mtu apewe masaa yake, na awepo mmoja ambaye kazi yake ni kuja kukaa tu, kupiga stori, asiguse dawa wala ndoo, kwa sababu mzee akiona kila anayeingia anamjia na kijiko anachoka, anajiona mzigo.

Nunueni daftari moja likae pembeni ya kitanda. Mtu akimaliza zamu anaandika, mfano: "Saa 4 asubuhi, dozi kanywa. Maumivu 3. Kala kidogo. Choo hajapata tangu juzi." Maumivu mwambie ayape namba kuanzia 0 mpaka 10, na kama hawezi kusema mwangalie uso, anakunja ndita? anashika sehemu moja? anakataa kugeuzwa? Nesi akija asome hilo daftari, atajua kama dozi inatakiwa kuongezwa au dawa kubadilishwa.

Sasa maumivu yenyewe. Ya kansa yakishakuwa makali dawa kuu ni morfini, na ile ya kawaida ya kunywa hutuliza kwa kama masaa manne tu, ndo maana inanywewa kwa saa na sio mpaka aanze kulia. Ukisubiri maumivu yapande utatumia dawa nyingi zaidi kuyashusha. Ratiba inayofuatwa sana ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na daktari akiridhia hiyo ya mwisho ya kulalia anaiandika iwe dozi maradufu ili mzee alale mpaka asubuhi bila mtu kuamka. Kama wasaidizi ni wachache ulizeni kuhusu vidonge vya morfini vya kukaa masaa 12 (hivyo visisagwe wala kutafunwa) au plasta yenye dawa ya maumivu, ya kubandika kwenye ngozi, inayobadilishwa kila siku tatu. Hili swali ulizeni wenyewe, daktari anaweza asijue kwamba mzee anaishi peke yake.

Mtasikia watu wanasema atakuwa teja. Mgonjwa anayetumia morfini kwa ajili ya maumivu, kwa dozi aliyoandikiwa, hofu hiyo sio sababu ya kumnyima dawa. Shida ya uhakika ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo huwa vinapungua. Lakini mzee figo zake zimechoka, ukiona haamshiki, anapumua taratibu mno, anashtuka shtuka misuli au anaona vitu visivyokuwepo, pigeni simu hospitali hapo hapo. Na msimwongezee dawa za maumivu za dukani kienyeji, nyingine zinatoboa tumbo na kuumiza figo.

Ngozi: asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, mto uwekwe chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie. Wekundu usiopotea ukibonyeza ni kidonda kinaanza. Kidonda cha kansa kikitoa harufu mwambieni nesi, vidonge vya metronidazole (dawa ya kuua bakteria) vikisagwa na kunyunyiziwa juu ya kidonda harufu hupungua sana. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, harufu ndo inawafukuza wageni, na huyu hana wengine.

Mgongo ukiuma ghafla na miguu ikaishiwa nguvu au mkojo ukakataa, ni hospitali siku hiyo hiyo, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na akichelewa anapooza.

Siku za mwisho zikifika atakataa chakula, atalala muda mwingi, mikono itapoa, pumzi itakatika na kurudi. Msimlazimishe kula, mwili hauhitaji tena, lowesheni midomo kwa kitambaa na mmlaze ubavu. Kabla hajashindwa kumeza, nesi awe ameshawaambia dawa itapita njia gani. Zamu zifupishwe ziwe nyingi, asiachwe peke yake, muongeleshe kwa jina analolipenda hata kama hajibu. Akifariki mpigieni yule aliyeandikwa kuwa msemaji wake, daktari athibitishe, na morfini iliyobaki irudishwe hospitali au famasi, asipewe mgonjwa mwingine.