Saida ya nyumbani: amua habari ya gesi kwanza ndo ununue vifaa

Kabla hujatoa hela jiulize kitu kimoja, hii saida (pombe ya juisi ya tofaa) unaitaka na gesi au bila gesi, na kama ni na gesi itaingiaje, coz hapo ndo unajua ununue chupa za aina gani, kama utahitaji mtungi, na kama itakuwa tamu au kavu (isiyo na utamu). Wengi wanaanza na ndoo, gesi wanaikumbuka siku ya kujaza chupa.

Juisi sasa. Geuza boksi usome yale maandishi madogo ya nyuma, ukikuta potasiamu sobeti au sodiamu benzoeti (saa zingine wanaandika E202 na E211) irudishe kwenye shelfu, hizo zimewekwa makusudi kuzuia vimelea na hamira visizaliane, utasubiri povu mpaka uchoke. Vitamini C haina neno, na juisi iliyopashwa moto kiwandani iko poa tu.

Hamira chukua ya mvinyo au ya saida, pakiti ya gramu 5 inatosha kama lita 20. Ya mkate itachachusha ndio, ila haitulii vizuri chini na ladha yake inabaki mdomoni. Halafu ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko wa kutolea hewa, mpira wa kuhamishia, dawa ya kuua vijidudu, na haidromita (kipimo kinachoelea, kinakuonyesha sukari iliyobaki). Haidromita usijifanye huihitaji! Juisi huanza kwenye 1.045 hadi 1.050 hivi na kushuka mpaka 1.000 au chini yake kidogo, ukipima leo na baada ya siku tatu namba ikawa ileile na iko huko chini, basi imemaliza. Mapovu kukatika sio ushahidi.

Njia rahisi ya gesi ni sukari. Pima gramu 7 kwa kila lita, chemsha na maji kidogo, ikipoa mimina kwenye ndoo safi kisha hamishia saida juu yake taratibu ichanganyike yenyewe, achana na mambo ya kijiko kwa kila chupa, moja itazubaa nyingine itakurukia. Jaza chupa ukiacha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu, weka kwenye joto la nyuzi 20 hivi kwa wiki mbili. Chupa ziwe za bia, za shampeni au za plastiki za soda. Za mvinyo wa kawaida na zile za mraba za mapambo hapana, hazikutengenezwa kubeba presha. Na katika kila mzigo jaza chupa moja ya plastiki, hiyo ndo ya kufinya: ikishakuwa ngumu kabisa zote ziingie friji.

Shida inakuja kwa anayetaka tamu na yenye gesi. Ukizidisha sukari hamira inaila yote na chupa zinapasuka, ndo maana watu hutumia erithritoli, ni tamu ila hamira haiwezi kuila. Kuna wanaochemsha chupa zikiwa tayari na gesi ili kuua hamira, mi sishauri, vioo vikiruka jikoni ni balaa.

Ukiwa na hela zaidi chukua kegi (pipa la chuma la kinywaji), regyuleta (kifaa cha kurekebisha presha ya gesi) na mtungi wa kaboni dayoksaidi, omba gesi ya vinywaji. Kwa nyuzi 4 na presha ya psi 12, wiki moja hivi inatosha, na unaweza kuiweka tamu unavyotaka ilimradi kegi inabaki kwenye baridi muda wote. Mtungi usimame wima ufungwe usianguke, na chumba kiwe na hewa maana gesi hii ikivuja huioni wala huisikii harufu. Kila ukifunga paka maji ya sabuni kwenye viungio vyote, panapotoa povu kaza upya.